Kwa Mama Igoki, Kaimu wa Miaka Tisa

Mwaka mmoja umetimia leo, Mama, tangu tukuache pale Kiirua upande wa chini wa shamba, mvua ikinyesha na mchungaji akifupisha maombi. Watu wa gazeti wametueleza kwamba tangazo la kumbukumbu huwa fupi: picha, tarehe mbili na mstari wa Biblia. Tumewaomba nafasi zaidi. Wametukubalia, ila wamesema nisiitaje ofisi yako kwa jina, kwa hivyo nitaiita ofisi tu. Waliomo ndani wanajijua.

Anayeandika ni mimi, Kaari, kifungua mimba wako. Vincent, kitindamimba wako, alisema niandike mimi kwa kuwa ndiye niliyerithi mdomo wako. Baba ameketi hapa mezani na chai yake imepoa. Kuna jambo lake humu ndani, na amekubali liandikwe. Nitalifikia.

Ulizaliwa Kanja, Embu, ukabatizwa Gladwell, lakini kwenu ulibaki Igoki. Ulikuja Kiirua ukiwa bibi arusi na afisa mdogo wa kilimo kwa wakati mmoja, na mwaka wa kwanza watu walicheka Kiembu chako hadi wakachoka. Kimeru ulikimudu baadaye, ila ukikasirika ulihesabu kwa Kiembu, polepole, kuanzia moja. Mimi na Vincent hatukuwahi kukusikia ukifika kumi. Ukifika sita tulikuwa tushafika kwa jirani.

Buti za mpira zilizokaa mlangoni kwetu zilikuwa zako, si za Baba. Ulizivaa hata siku za mikutano, viatu vya heshima ukavibadilishia garini. Na wakulima wa viazi wanakukumbuka kwa glasi. Uliingia boma la mtu ukaomba glasi ya maji safi, na kila mara mama wa boma alidhani una kiu. Kumbe wewe unatoa kisu, unakata shina la kiazi lililonyauka, unalitumbukiza kwenye maji na kumwambia mwenye shamba asubiri. Uzi mweupe kama maziwa ukishuka kutoka kwenye shina, basi shamba limeingiwa na mnyauko, na hapo hukumficha mtu. Ulimwambia papo hapo kwamba mbegu ile isipandwe tena, hata kama alipewa na ndugu yake wa tumbo moja. Wengi walikununia. Msimu uliofuata wengi wao hao walikuja na gunia la viazi, wakaliacha mlangoni bila maneno mengi.

Jumapili ulipika mukimo, viazi vya kupondwa na mahindi, mwenyewe, ukakataa kusaidiwa, kisha ukalalamika kwamba hakuna anayekusaidia. Hayo pia tunayakumbuka.

Mwaka wa 2015 mkurugenzi wenu alistaafu, ukapewa barua ya kukaimu nafasi yake. Sheria inasema mtu hukaimu miezi sita. Wewe ulikaimu miaka tisa. Ulitia sahihi kila karatasi ya mkurugenzi, ukakaripiwa kwa kila kosa la mkurugenzi, ukasimama mbele ya wakulima wenye hasira mbolea ilipochelewa, na kando ya jina lako likakaa daima hilo neno, Kaimu. Ripoti ya usawa wa jinsia ilipoandikwa, walikuhesabu miongoni mwa wanawake wenye vyeo vya juu. Kiti kilipozungumziwa, walisema kiko wazi. Katiba na theluthi yake ya wanawake wanaijua kwa kichwa. Kila tarehe nane Machi, Siku ya Wanawake, walikuvalisha fulana ya zambarau, mkapigwa picha pamoja, wao wakiwa mbele.

Nafasi ilitangazwa mara mbili, 2017 na 2021. Mara zote mbili uliitwa kwenye mahojiano, na mara zote mbili matokeo hayakutoka. Uliambiwa tu kwamba jopo halikuridhika na waombaji, uendelee kukaimu. Yaani uendelee kufanya kazi ambayo wamesema huiwezi. Hilo linanichemsha damu hadi leo.

Nakumbuka ile mara ya pili. Nilikuwa nimekuja nyumbani na mtoto mchanga. Siku ya Jumanne, baada ya chai ya saa kumi, uliondoa vyombo mezani, ukampa Baba karatasi ya maswali uliyoyaandika mwenyewe, ukamwambia yeye ndiye jopo. Mwalimu Mutegi, mstaafu, akavaa miwani yake. Akakuuliza utaendeshaje idara yenye maafisa mia moja na magari manne mabovu. Ulijibu ukiwa umesimama, mikono nyuma, kama mtoto wa darasa la nne. Akakukatiza, akakusahihisha Kiingereza, akakwambia usianze kila jibu kwa kusema unafikiri, sema unajua. Mkaenda hivyo hadi ng'ombe wakaanza kulia wakitaka kukamuliwa. Mwishowe akakuandikia alama kwa kalamu nyekundu, nane juu ya kumi, akazungushia duara. Ukacheka, ukamwambia asante Mwalimu. Karatasi hiyo ninayo.

Saratani ya koo ilijitokeza mwanzoni mwa mwaka jana. Kwa miezi saba Baba alikupikia uji, akauchuja mara mbili, akakunywesha kwa kijiko. Ninalisema hilo kwa kuwa ni kweli, na kwa kuwa nitasema mengine baadaye. Dereva wa ofisi alikuletea faili hadi wodini, ukaziwekea sahihi ukiwa umeegemea mito. Muuguzi alimfukuza mara mbili, na mara zote mbili wewe ndiye uliyemwita arudi. Ulisema wakulima wa mbegu wasichelewe kwa sababu yako.

Siku moja ulinivuta mkono, ukaniambia kwa sauti ile iliyokuwa imebaki: "Kaari, labda ni Kiingereza changu kiliniangusha. Wewe soma Kiingereza."

Nilikuwa na miaka thelathini na minne, daktari wa mifugo wa serikali, nina shahada mbili ukutani. Nikakuitikia sawa, Mama. Baba alikuwa palepale ameshika kikombe cha uji. Akaukoroga tena. Ulikufa ukiamini kwamba kosa lilikuwa lako.

Ofisi walikuja mazishini kwa magari matatu na shada la maua. Mkubwa wao alikuita nguzo ya idara, akafuta macho. Ratiba ya ibada waliichapisha wao kwa hisani yao, na juu ya picha yako waliandika Kaimu Mkurugenzi wa Kilimo. Fundi wa msalaba alinakili kutoka pale, na hivyo ndivyo neno lile lilivyokufuata hadi kaburini. Sisi tulikuwa tunalia. Hakuna aliyesoma kwa makini hadi kaburi lilipokwisha kufunikwa.

Kiti chako alipewa Mwaniki, yule kijana uliyemfundisha kupima udongo. Sina ubaya naye, alikulilia kwa dhati. Alikaimu miezi minne, akathibitishwa.

Sasa nimefika kwenye jambo la Baba.

Mwezi wa nane mwaka huu jina langu lilitoka kwenye orodha ya watakaohojiwa kwa kazi ya naibu mkurugenzi wa mifugo. Baba alikuwa amekuja kwetu Mikinduri kuwaona wajukuu wake. Jumamosi hiyo, bila kupiga simu, akaingia mzee Kailemia. Wewe unamjua. Alikuwa mkubwa wa mambo ya wafanyakazi kabla ya kustaafu, na hata baada ya kustaafu kuna kazi moja ambayo bado hutumwa. Alibeba kilo mbili za sukari na pakiti ya majani ya chai, utadhani amekuja kuposa.

Siku hiyo ndiyo niliyojua kwamba jambo hilo lina jina. Wenyewe wanaliita kuuliza nyumbani. Mwanamke akikaribia kiti kikubwa, hutumwa mtu wa heshima kwa mumewe, anywe chai, aulize kwa upole kama nyumba itavumilia. Haliandikwi kwenye fomu yoyote, na mwenyewe mwenye kuomba kazi haambiwi. Jibu la mume hurudishwa kwa mdomo, na jopo hukaa likijua tayari.

Nilimmiminia chai. Nikamuwekea sukari. Nikaketi kati yake na Muthomi, mume wangu, na mzee akazungumza kana kwamba nafasi yangu haina mtu. Alimwambia Muthomi kwamba kazi hiyo ina safari nyingi, kwamba mtu hulala nje, kwamba yeye Muthomi mwenyewe yuko sokoni na miraa tangu alfajiri, na watoto bado wadogo. Je, kama mwenye boma, ameliwaza hilo?

Muthomi hana maneno mengi, unamkumbuka. Alimeza chai yake kwanza. "Mzee, hiyo si swali yangu," akasema. "Mwenye intavyu ni huyu amekuwekea sukari. Uliza yeye."

Kailemia alicheka, akidhani ni utani. Alipoona hakuna anayecheka naye, akamgeukia Baba, mtu wa rika lake, amwokoe. "Mwalimu, ambia huyu kijana. Wewe si unajua haya maneno? Si mimi na wewe tuliongea tukaelewana vizuri, hata mara mbili?"

Baba aliweka kikombe chini. Nilimtazama, akainamisha kichwa.

Nilimrudishia Kailemia sukari yake na majani yake, nikamsindikiza hadi kwenye lango kama adabu inavyotaka. Niliporudi, Baba alikuwa bado ameinama. Akatueleza.

Mara ya kwanza Kailemia alikuja Kiirua wewe ukiwa mashambani na glasi zako. Aliuliza, na Baba akajibu kwa kicheko kwamba wakimpa Igoki kiti hicho, yeye chai atapikiwa na nani. Walicheka wote wawili, wakaongea habari za mvua, mzee akaenda zake. Matokeo yalipokosa kutoka, Baba alianza kuelewa kwamba utani wake ulibebwa kama jibu. Angeweza kupanda gari siku hiyo hiyo akasahihishe. Aliona haya. Miaka minne ikapita. Mwaka wa 2021 Kailemia akaja tena, Jumapili baada ya ibada, siku mbili kabla hujaondoa vyombo mezani.

Nilimuuliza Baba alimjibu nini siku hiyo.

"Nilimwambia mambo ni yale yale," akasema. Kisha akasema: "Mara ya kwanza nilitania, Kaari. Mara ya pili sikutania."

Nilimuuliza kwa nini. Alisema alikuwa akijiona pale senta ya Kiirua watu wakimwonyesha kidole kwamba huyo ndiye mume wa mkurugenzi. Alijiona akila peke yake siku tano kwa wiki huku wewe uko makao makuu. Alisema aliogopa kwamba siku moja utarudi Ijumaa, umtazame, umwone amekuwa mdogo. Hiyo ndiyo sababu yote, Mama. Mimi nilitarajia kubwa zaidi ya hiyo.

Kwa hivyo Jumanne ile alivaa miwani akijua. Alikukatiza akijua, akakusahihisha akijua, akakupa nane juu ya kumi akijua kwamba hata ungepata kumi isingekusaidia. Ukamshukuru. Na wodini, uliposema ni Kiingereza chako, alikuwa ameshika uji wako, na jibu alikuwa nalo.

Nilijaribu kuhesabu kwa Kiembu. Sikijui vizuri, lakini nilifika kumi. Kisha nikamwambia arudi Kiirua. Muthomi alimpeleka steji, akambebea mkoba, akarudi. Kwa wiki tatu sikushika simu ya baba yangu. Na yeye, kila jioni saa moja kamili, alipiga mara moja tu, ikalia hadi ikanyamaza.

Lakini ofisi isidhani itajificha nyuma ya Baba. Yeye aliulizwa, wao ndio waliouliza. Nilimpigia simu mke wa Mwaniki, nikamuuliza ni nani aliyekuja kwake kunywa chai kabla mumewe hajathibitishwa, ni nani aliyetaka kujua kama nyumba yake itavumilia. Alidhani namfanyia mzaha. Hakuja mtu. Mwaniki hulala nje siku tatu kwa wiki, ana watoto watatu wadogo, na hakuna mzee aliyepoteza kilo mbili za sukari kwa ajili hiyo. Kiti kile kilikuwa haki yako kwa kazi yako, Mama. Ulikifanyia kazi mbele ya macho yao miaka tisa. Hakikuwa mahari, hata kijadiliwe na wanaume wawili wakinywa chai, na wewe uko shambani unatazama maji ya glasi.

Haya yote nimeyaandika kwenye barua kwa tume inayohusika na ajira, pamoja na tarehe na idadi ya kilo za sukari. Kailemia nimemtaja. Baba nimemtaja pia, na ameweka sahihi yake chini kama shahidi. Mwandiko wake bado ni wa mwalimu.

Mahojiano yangu yalikuwa wiki mbili zilizopita. Nilivaa buti zako hadi mlangoni, kwa kuwa kulikuwa na matope, nikabadilishia garini. Sikuanza jibu hata moja kwa kusema nafikiri. Matokeo hayajatoka. Yakitoka, nitajua walipima majibu yangu. Yasipotoka, mimi sitakaa miaka tisa nikijilaumu, maana sasa najua pa kwenda kuuliza.

Wiki jana nilienda Kiirua kupalilia kaburi kabla ya siku ya leo. Nilimkuta Baba amepiga magoti kwenye udongo mbele ya msalaba, na kando yake kopo dogo la rangi nyeupe limeshafunguliwa. Alitaka kulifuta neno lile, Kaimu, ili kumbukumbu ikupate ukiwa Mkurugenzi kamili. Hakuwa ameniambia. Nadhani alitaka nifike nikute limekwisha.

Nilichukua brashi mkononi mwake.

"Liache, Baba," nikamwambia. "Lisomwe."

Hakubisha. Alifunika kopo, akalipigapiga kifuniko kwa jiwe hadi kikashika. Tulipalilia pamoja, yeye upande wa kichwa, mimi upande wa miguu, hadi mvua ilipotufukuza. Sijamsamehe, na nimemwambia hivyo. Lakini nilimpikia chai, Mama, akainywa. Siku iliyofuata akanipikia yeye.

Neno litabaki msalabani. Kila anayepita kwenda mtoni alione, ajiulize huyu mama alikaimu nini hadi akafa akikaimu. Akiuliza, ataambiwa. Kiirua yote sasa inajua, na Kanja pia.

Wanaokukumbuka ni mimi binti yako Kaari na mume wangu Muthomi, mwanao Vincent, wajukuu wako, ambao mmoja wao ana jina lako na ameanza kuhesabu anapokasirika, kaka yako Gachoki wa Kanja, ambaye bado hajampa Baba mkono, dada zako wa nyumba ya mama yako Wanjira, Mwaniki na maafisa wa mashambani waliokuita Mama, na wakulima wa viazi wa Kiirua, ambao hadi leo mtu akiomba glasi ya maji humuuliza kwanza ni ya kunywa au ni ya Igoki.

Na mumeo. Ameomba awe wa mwisho kwenye orodha, na ameomba aandikwe hivi: Mutegi, aliyeulizwa mara mbili.

Siku zote tutakukumbuka, Mama. Hukuangushwa na Kiingereza.